Rashford hakugusa mpira, sasa ofsaidi inatoka wapi?

SWALI: Kocha habari za kazi. Tunaomba utumalizie ubishi wa hapa kijiweni maana sasa unataka kuwa ugomvi. Ile dabi ya Manchester ya Januari 2023 pale Old Trafford, bao la kusawazisha la Bruno Fernandes. Mi nasema bao halali kabisa, Rashford alikuwa ameotea sawa lakini mpira hajaugusa hata kwa kamba ya kiatu. Shemeji yangu ni City, kila dabi ikikaribia anafungua ile klipu kwenye simu anaanza upya, waliibiwa waliibiwa. Tumewekeana kreti ya soda. Nani anunue?
Mwana United, Tandika

JIBU: Salama mkuu. Ngoja niwakumbushe na wengine. City walikuwa mbele, Grealish katoka benchi kafunga kwa kichwa dakika ya 60. Dakika ya 78 Casemiro wa United anapenyeza pasi kwenda mbele, Rashford yuko ofsaidi wazi hata bila mashine, anaukimbilia ule mpira, anakimbia nao sambamba uko miguuni pake kabisa, halafu Bruno anatokea nyuma anapiga, wavuni. Mshika kibendera Darren Cann akanyoosha. Refa Stuart Attwell akaenda kuongea naye pale pembeni, akarudi akaweka kati, bao limekubaliwa. Dakika nne mbele Garnacho anampa Rashford, 2-1, mechi imeisha hivyo.

Sasa wewe umeshika hoja moja tu, hakugusa. Kusimama ofsaidi peke yake kweli si kosa, hapo uko sahihi, na wapo wengi hata hilo hawalijui wanapiga kelele tu. Lakini Sheria ya 11, ile ya kuotea, haiishii kwenye kugusa. Inasema pia mchezaji aliyeotea anaadhibiwa akimwingilia mpinzani, na inataja njia zenyewe: kumziba kipa asione, kugombea mpira na mtu, kujaribu waziwazi kuucheza mpira ulio karibu naye na hilo likamwathiri mpinzani, au kufanya kitendo cha wazi kinachomwathiri mpinzani kuucheza mpira.

Haya rudisha klipu, safari hii usimwangalie Bruno, waangalie City. Ederson, kipa wao, macho yote kwa Rashford, anapanga goli lake kwa ajili ya mguu wa Rashford, si wa Bruno. Beki Akanji anapunguza mwendo maana anajua huyu jamaa ameotea. Walker anakimbia kutokea nyuma na Rashford yuko katikati ya njia. Na Rashford mwenyewe kakimbia na ule mpira mita kadhaa, anapunguza hatua kama mtu anayetaka kupiga, yani kama hiyo si kuzuga basi kuzuga hakupo tena duniani. Kipa anamsoma nani hapo?

Utetezi wa refa upo, siukatai. Unaweza kusema Rashford hakumgusa mtu, hakumziba Ederson, na Akanji kosa lake mwenyewe kusubiri kibendera, beki unacheza mpaka filimbi ilie. Maneno kama "waziwazi" na "kumwathiri" yanamwachia refa apime kwa jicho lake, ndo maana mistari ya VAR, wale waamuzi wa video, haikusaidia kitu, mistari inapima mguu uko wapi haipimi mtu kafanya nini. Lakini mi ukiniuliza, ile ilikuwa ofsaidi, na Cann alikuwa sahihi mara ya kwanza. Matokeo hayabadiliki, pointi tatu mlishakula. Soda unanunua wewe.

SWALI: Kocha, na lile goli la Mbappé fainali ya Nations League dhidi ya Hispania? Ameotea, na safari hii mpira ameugusa na amefunga yeye mwenyewe, mbona likakubaliwa? Huku kwetu hatulali.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hiyo ni kesi nyingine kabisa ndugu yangu. Oktoba 10, 2021, San Siro, iko 1-1, dakika ya 80 Theo Hernández anapenyeza pasi, Mbappé kaotea kidogo, lakini njiani Eric García, beki wa Hispania, anajirusha kuukata na anaugusa. Sheria ya wakati ule ilisema beki akiucheza mpira kwa makusudi basi ofsaidi inafutika, isipokuwa kama anaokoa mpira unaoenda golini. Refa Anthony Taylor na VAR wakahesabu García kaucheza kwa makusudi, Ufaransa bingwa 2-1. Kwa maandishi ya siku ile refa alikuwa na pa kusimama, hasira za Wahispania nazielewa ila wangezipeleka kwa waliotunga sheria.

Na kelele zilifika. Julai 2022 IFAB, ndio watunga sheria za soka, wakatoa ufafanuzi, kwamba makusudi maana yake beki awe na uwezo wa kuutawala mpira, autulize au apasie au auondoe, na refa aangalie: mpira umetoka mbali? Unakwenda kasi? Beki alikuwa na muda wa kujipanga au amejinyoosha tu? García alikuwa amejinyoosha mpaka mwisho wa mguu, kwa hiyo kwa ufafanuzi huu wa sasa mi bao lile nalikataa bila hata kwenda kwenye skrini.