Laptop haiwaki tangu umeme ulipokatika na kurudi

Pole ndugu. Kwa kuwa ilizima umeme uliporudi ghafla, na unasema hata taa ya chaji haiwaki, usikimbilie kununua betri. Chomoa chaja, toa betri (kama ni ya ndani, iache), kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Chomeka chaja, jaribu tena.

Ikigoma, mshukiwa wangu wa kwanza ni chaja yenyewe. Azima mita ya kupima volti kwa fundi umeme upime chaja: isomeke kama kibandiko kinavyosema, mara nyingi volti 19 au 19.5. Chaja za Type-C (zenye pini ndogo bapa kama za simu za kisasa) ni kesi nyingine, hizo huanzia volti 5. Ukijaribu chaja ya jirani, volti zilingane. Ampea (kiasi cha umeme ambacho chaja inaweza kutoa) zikizidi hakuna shida, zikipungua ndiyo tabu.

Chaja nzima na bado kimya? Basi ni tundu la chaji au mazabodi (bodi kuu ya ndani ya laptop), kazi ya fundi. Kabla hujamwachia, diski itolewe uondoke nayo, maana mafaili yako mara nyingi yako salama humo. Betri ukikuta imevimba, usiichaji tena kabisa.