Trump hakuwa kwenye karatasi ya kura

SWALI: Mjomba wangu anaishi Toronto, Kanada. Tukiongea kwa simu hushikilia kwamba uchaguzi wao wa 2025 uliamuliwa na Trump. Mimi naona anatia chumvi. Kweli maneno ya mtu wa Washington yanaweza kumgusa mpiga kura wa huku Kitale? – Msomaji, Kitale

JIBU: Chumvi ya mjomba si nyingi. Januari 2025 chama cha upinzani cha Conservative kilikuwa mbele kwa zaidi ya pointi 20 kwenye kura za maoni. Trump akaja na ushuru na maneno yake ya kuifanya Kanada "jimbo la 51" la Marekani. Aprili 28 chama tawala cha Liberal, chini ya Mark Carney, kikashinda, na Pierre Poilievre, kiongozi wa Conservative, akapoteza hata kiti chake cha ubunge. Ila mkumbushe mjomba kwamba Justin Trudeau, waziri mkuu wa Liberal aliyekuwa amewachosha watu, alikuwa ameshang'atuka. Angebaki, sidhani Trump angewaokoa.

Ya Kitale nakujibu kutoka Nakuru, nilikokuwa na duka la kunyolea mwaka 2013. Februari, mwezi mmoja hivi kabla ya kura, redio ikatangaza kwamba Johnnie Carson, msimamizi wa masuala ya Afrika katika serikali ya Marekani, amewaonya Wakenya kuwa chaguo lao litakuwa na matokeo yake. Hakutaja jina. Nani hakujua? Uhuru Kenyatta, mgombea urais wa Jubilee, na mgombea mwenza wake William Ruto walikuwa na kesi katika mahakama ya kimataifa ya ICC, Hague. Na siku mbili tu nyuma Obama alikuwa ametusalimia kwa video, "Habari yako", akisema uamuzi ni wetu!

Kitini nilikuwa na mteja, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, mwingine bado. Huyu alichomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi, 2008, na alikuwa ameapa hatapiga kura tena maishani. Akainuka na kitambaa shingoni, mashine ikinguruma mkononi mwangu: "Kwani huyo ndiye hununua unga kwangu?" Mwenzake aliyekuwa akingoja zamu, mtu wa Raila Odinga, mpinzani wa Uhuru, akasema Carson amesema kweli tupu. Redio ni ileile.

Ndiyo maana nasema maneno ya nje hayamhamishi mtu upande sana, humtoa nyumbani. Wanasiasa wa Jubilee walijua hilo, wakayabeba maneno ya Carson jukwaa kwa jukwaa kama tusi kwa Wakenya wote. Raila naye, kwenye mdahalo, akatania kuhusu kuongoza nchi kwa Skype kutoka Hague. Watu wake walicheka. Wale wengine walikasirika zaidi.

Machi 4 nilimkuta mteja wangu kwenye laini kabla ya jua kuchomoza. Uhuru alipata asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura kama 8,000 tu. Wateja wa namna ile walikuwa wengi kuliko hao, Nakuru peke yake.