Akina Emily wawili

Dada, umeuliza vitabu vya binti yako Emily, mpenzi wa mashairi. Mwanzishie Emily of New Moon cha L. M. Montgomery (1923). Emily Starr, yatima wa Kanada, analelewa na mama mkubwa mkali sana. Humwandikia marehemu baba yake barua nyuma ya fomu kuukuu za posta. Sehemu hizo zinagusa moyo mno!

Kisha mpe Emily cha Michael Bedard, kinachomhusu Emily Dickinson (1830–1886), mshairi wa Amherst, Marekani. Huyu naye aliandika beti hata juu ya bahasha zilizokwisha tumika. Aliacha karibu mashairi 1,800, machache tu yakiwa yamechapishwa. Kama binti bado mdogo, aanze na cha Bedard, ni kifupi na kina picha nzuri.