Mbona anakimbia tu?

"Shikamoo anko. Nimemtazama huyo Ulanova wako uliyemsifia. Mbona anakimbia tu? Hapa mtaani kuna mabinti wanapandisha mguu hadi sikioni."

Ujumbe huo umenifikia wiki iliyopita, kutoka kwa kijana anayejifunza kucheza; Ulanova anayemtaja ni mchezaji wa baleti wa Kirusi wa zamani. Marahaba, mwanangu. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mwaka jana mbele za watu, kwenye kituo kimoja cha vijana nilikoalikwa kuonyesha filamu za zamani za baleti ya Kirusi. Dakika ya nne vijana wakaanza kucheka. Ya sita, mwenyeji wangu akaniomba "tufupishe" ili waweke muziki. Nikafunga kompyuta, nikaondoka, chai yao nikaiacha mezani. Bado inaniuma, nisiwadanganye.

Ila wewe na mimi nia yetu moja, ama sivyo usingesoma hadi hapa: tunataka kuwaona wakubwa wale kama walivyoonwa na watu wao. Nami sikuzaliwa najua kutazama.

Nilikwenda Moscow 1986 kusoma uhandisi. Mwaka wa kujifunza lugha, baridi, foleni za mkate, hayo nayaruka, kila aliyesoma kule keshawasimulia. Mwaka 1988 mwenzangu wa bwenini alipata tiketi mbili za Bolshoi, ukumbi mkubwa wa baleti wa Moscow, ghorofa ya juu kabisa, ambako ili uone jukwaa lote inabidi usimame na kuning'iniza shingo. Siku hiyo ilikuwa Ziwa la Bata-maji, baleti ya mabinti waliogeuzwa bata-maji. (Huku nyumbani ukisema ulikwenda kutazama bata, watu wanajua ulikwenda kula bata.) Nilikuwa nimesikia kwamba bata mweusi huzunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, mguu wa pili ukichapa hewa kama mjeledi. Nikahesabu kwa vidole. Nilipata 28. Nikarudi bwenini natangaza kwamba yule dada kazi haijui.

Mlangoni pa bweni alikaa bibi wa Kirusi mwenye rundo la funguo kiunoni; sisi Waswahili tulimwita Mama Funguo. Alinisikia. Akaniuliza mabega ya yule dada yalikuwaje. Nikasema sikuyatazama. Aliondokaje jukwaani? Sikumbuki.

"Basi hukwenda," akasema, akaendelea kufuma soksi yake.

Usiku ule hadi saa saba alinisomesha. Ile mizunguko 32 iliingizwa kwenye Ziwa la Bata-maji na Mwitaliano, Pierina Legnani, huko St. Petersburg mwaka 1895. Mathilde Kschessinska ndiye aliyewaonyesha watu kwamba Mrusi naye anaiweza. Sasa sikiliza. Maya Plisetskaya, aliyeshika nafasi hiyo Bolshoi kwa miongo, alikuwa haichezi hiyo mizunguko. Badala yake alizunguka jukwaa zima kwa kasi, duara moja la moto, na ukumbi ukapiga kelele. Baba yake alipigwa risasi na serikali mwaka 1938, mama yake akapelekwa kambini, na yeye bado akapanda jukwaani na mikono ile inayokwenda kama haina mifupa. Mimi na vidole vyangu ningempa sifuri.

Kisha Mama Funguo akafika kwa Galina Ulanova. Mama Funguo alikuwa amemwona miaka ya 50, tena kutoka ghorofa ileile niliyosimama mimi. Ulanova alizaliwa 1910, akafundishwa na mama yake mzazi, kisha na Agrippina Vaganova, mwalimu ambaye shule ya baleti ya St. Petersburg leo inaitwa kwa jina lake. Juliet wake wa kwanza, wa baleti ya Romeo na Juliet, alimcheza Leningrad (ndiyo hiyohiyo St. Petersburg), Januari 1940. Muziki wake, uliotungwa na Prokofiev, uliwatesa wachezaji, wakalalamika kwamba hauchezeki. Mwaka 1956 Bolshoi ilipokwenda London (Plisetskaya akiachwa nyumbani), Ulanova alikuwa na miaka 46, akamcheza binti ambaye hata kumi na minne hajatimiza, na Waingereza wakamwamini.

Na kweli, mwanangu, anakimbia. Juliet amelazimishwa kuolewa na asiyemtaka, anajitupia joho, anakimbilia kwa padri. Hakuna mruko, hakuna mguu sikioni. Mama Funguo aliweka soksi chini, akajitupia blanketi mabegani, akanionyesha pale koridoni, na makobazi yake ya manyoya, hatua kumi hivi. Kifua kilitangulia, miguu ikawa kama inakifukuzia. Alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye magoti mabovu, na nikamwona msichana aliyekosa mtu wa kumkimbilia. Ile scene nimeirudia kwenye filamu yao ya 1955 mara zisizo na idadi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: rudia. Mara ya kwanza utaona uzee wa filamu. Mara ya pili funika miguu kwa kiganja chako, utazame shingo na mabega tu. Kisha rudia tena. Zile filamu bubu, kama ya Anna Pavlova anayecheza bata-maji anayekufa, mara nyingi huenda mbio kupita kiasi kwa sababu zilipigwa kwa picha chache kila sekunde. Punguza kasi ndipo utaona Pavlova hatetemeki ovyo. Olga Spessivtseva, Mrusi mwingine, ana vipande vya filamu vya baleti ya Giselle, vya London, 1932; vitazame, halafu tazama Giselle ya Ulanova, halafu rudia cha kwanza. Na mtu akikwambia ameona video ya Nijinsky, mchezaji maarufu wa kiume wa enzi hizo, akicheza, mwache aende zake, picha za mnato ndizo zilizobaki.

Huo mguu wa sikioni, hebu tuuzungumze. Wakubwa wale hawakuupandisha kwa sababu ulionekana utovu wa adabu, mambo ya sarakasi. Vijana wa leo mnakosea mnapodhani kila kisichofanywa kilishindikana. Mnahesabu! Mnahesabu wafuasi, mnahesabu mizunguko, mnahesabu dakika, na ndiyo maana ya nne tu mnaanza kucheka. Mchezaji hapimwi kwa rula. Nami ninayesema haya nilikuwa fundi wa rula, tena nina cheti.

Agosti 1991 nilikuwa nimemaliza masomo, nangoja ndege ya kurudi Dar. Asubuhi ya tarehe 19 tuliamka vifaru vimeingia mjini, rais Gorbachev haonekani, na televisheni inarushia nchi nzima Ziwa la Bata-maji. Tulijazana chumba cha chini, Waafrika na Waarabu na Wavietinamu, hakuna aliyejua kama viwanja vya ndege vitafungwa. Mama Funguo alikuja na kiti chake, akaketi mbele kabisa, funguo mapajani. Mtu akamuuliza kama kutakuwa na vita. Hakujibu. Alitazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi na kunyoosha kidole kwenye kioo.

"Yule wa tatu mstarini," akasema. "Mkono wake umechelewa."