Hata Lini? Kuomba na Zaburi ya 13 Mambo Yanapokubana

Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au anayedaiwa huambiwa upesi: usimlalamikie Mungu, utaonekana huna imani. Basi Jumapili ukimsalimia anajibu "Mungu ni mwema", na usiku anakodolea dari. Biblia haimtaki ajikaze hivyo. Kati ya Zaburi zote 150, karibu theluthi moja ni maombolezo, na baadhi yake zinamsemesha Mungu kwa ukali ambao wengi wetu tusingethubutu kuutumia hata mbele ya mchungaji.

Anza na Zaburi ya 13. Ni fupi, aya 6 tu. Robo saa inatosha. Aya ya 1 na ya 2 ni malalamiko, na "hata lini" imerudiwa mara nne. Soma kwa sauti. Baada ya kila "hata lini", taja jambo lako lenyewe. Usiseme "matatizo yangu". Sema: marejesho ya kikundi, Sh 80,000, Ijumaa. Mtaje kwa jina mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Ukiomba kwa jumlajumla unaondoka na hofu ileile uliyokuja nayo, maana hukuigusa.

Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Omba la kesho kwanza, ya mwaka mzima yasubiri.

Tumaini linakuja aya ya 5, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanalirukia kabla ya kumaliza malalamiko, eti ndiyo imani. Hasira isiyosemwa kwa Mungu huishia kwa watoto au kwa mwenzi. Tena angalia: kufikia aya ya 5 adui bado yupo palepale, hakuna kilichobadilika isipokuwa mwombaji amekumbuka fadhili za Mungu. Kosa la pili ni kuwapelekea majirani malalamiko badala ya Mungu. Kumbukumbu la Torati 1:27 inawalaumu Waisraeli kwa kunung'unika hemani mwao; mwenye zaburi naye analalamika, ila anamwambia Mungu mwenyewe. Na kama aya ya 5 haitoki mdomoni, usijilazimishe. Ishia ya 4, au hamia Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, kula. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha akala mkate akanywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akapata nguvu za kwenda siku 40 mpaka Horebu. Mkesha juu ya mkesha, tumbo tupu, huzaa mawazo meusi ambayo mtu huyadhani ni sauti ya Mungu. Mwenye kisukari, mjamzito na anayetumia dawa kila siku asifunge kabla ya kuongea na daktari. Na dawa zisiachwe: ukikatiza dozi ya kifua kikuu ya miezi 6, vijidudu vinavyobaki vinaweza kuwa sugu. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba cha Sh 500 kwa mchungaji Ambilikile Masapila, wapo walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kuomba huku unameza dawa si kumpunguzia Mungu heshima.

Ukienda kumtembelea aliye kwenye dhiki, nenda na unga, na ukae. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno. Walianza kukosea walipofungua mdomo kumtafutia dhambi iliyomletea msiba.

Kuna pia ile Yeremia 29:11 inayotundikwa sebuleni, ya mawazo ya amani. Aya inayoitangulia inataja miaka 70 ya kungoja, nayo ya 5 inawaambia waliochukuliwa utumwani Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Ahadi ilikuja pamoja na jembe. Kwa hiyo kama hela ya marejesho haijatimia, ukimaliza Zaburi yako chukua simu. Mwenyekiti wa kikundi aambiwe Jumatano, asingoje kugundua Ijumaa, na aambiwe kiasi ulichonacho mkononi na tarehe utakayoleta kilichobaki.