Filamu au dijitali: kamera ya kutembea nayo katika vichochoro vya Lamu

Vijana wanaoanza kupiga picha za mitaani hapa Lamu huniuliza kwanza ni kamera ipi inatoa picha nzuri, ya filamu au ya dijitali. Zote mbili zinatoa picha nzuri. Mimi huanzia pengine: huyo utakayempiga picha atajuaje ulichokichukua, na akikukatalia utafanya nini? Nimetembea na kamera za aina zote mbili kwa miaka mingi, na swali hilo ndilo lililoniamulia ipi nitoke nayo asubuhi na ipi ibaki nyumbani mpaka ihitajike.

Mji wetu hauna pa kujificha. Usita wa Mui wenyewe, ambao ndio njia kuu, ni mwembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akipita watu huegemea ukutani, na vichochoro vinavyoukata ni vyembamba zaidi. Katika jiji kubwa mpiga picha humezwa na umati, akapiga akaenda zake. Hapa uko mita mbili kutoka kwa mtu, naye huenda anamjua mama yako. Kisha kuna wageni. Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila msimu watu huja na kamera shingoni. Mama anayetoka sokoni na kikapu chake ameshapigwa picha na watu asiowajua mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na hajui hata moja iliishia wapi. Ukiinua kamera yako leo, unarithi kinyongo hicho chote.

Ndiyo maana kwa kutembea mitaani mimi huchukua dijitali. Sababu yangu kubwa ni kile kioo kilicho nyuma ya kamera. Kuna mama mmoja maeneo ya Langoni aliyeniona nikipiga picha ya kichochoro naye akiwa ndani yake. Akanisimamisha, nikamwamkia, nikamwonyesha. Uso wake haukuonekana, ni mgongo tu na buibui lililoshikwa na upepo, na picha ilikuwa nzuri sana. Akasema, "Futa, mwanangu." Nikafuta mbele yake, akatazama mpaka ilipoondoka, akaniombea dua akaenda. Ningekuwa na kamera ya filamu ningempa nini? Huwezi kukata picha moja katikati ya mkanda wa picha 36. Ningemwahidi kwamba sitaitoa, naye angelazimika kuniamini mtu asiyemjua vizuri.

Lakini ukifuta, futa kweli. Kamera nyingine zina nafasi mbili za memori kadi na huandika picha pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nyingine hutuma picha kwenye simu bila kuambiwa kila unapopiga. Ukimfutia mtu nakala moja huku ya pili imebaki, umemdanganya machoni pake. Zima mambo hayo kabla hujatoka nyumbani.

Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uso wa mtu unaotambulika ni taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoa faini za mamilioni ya shilingi, mojawapo kwa shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mtoto anayecheza barazani ni mtoto wa mtu: tafuta mzazi kwanza. Ila nasema wazi, hata sheria hiyo isingekuwepo, heshima ya mji huu ingetosha kukuongoza.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo Lamu inapowashinda wengi. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba, na jua la saa nne au saa tano huingia kama mstari mmoja tu ukutani. Mtu mwenye kanzu nyeupe akipita kwenye mstari huo huku nyuma yake kuna mwenye buibui jeusi kivulini chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, una weupe na weusi wa kupindukia ndani ya picha moja. Filamu na dijitali huharibikiwa kwa njia zilizo kinyume. Filamu ya negativu huvumilia mwanga ukizidi. Kanzu itakuwa na maelezo hata ukiipa mwanga maradufu, lakini kivuli ulichokinyima kitabaki kitupu. Dijitali huvumilia giza. Kivuli unaweza kukiinua baadaye kwenye kompyuta, hasa ukipiga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaitengeneza, lakini weupe ukishaungua hakuna cha kurudisha. Basi ukiwa na filamu pimia kivuli, ukiwa na dijitali linda kanzu.

Kipimo cha mwanga cha kamera nacho kina udhaifu wake. Kimetengenezwa kikidhani kila kitu kina wastani wa kijivu. Kielekeze kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kitakupunguzia mwanga mpaka ukuta uwe wa kijivu na uso wa mtu uwe mweusi tii. Mimi hupima kwenye ukuta mkongwe wa mawe ya matumbawe usiopakwa chokaa, ulio katika mwanga uleule aliomo mtu, kisha nafunga kipimo hapo. Kwa filamu juani kuna kanuni ya zamani isiyohitaji kipimo kabisa: tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata, kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, iwe sekunde 1 ikigawanywa kwa namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Filamu ya ISO 400 kwenye jua kali la Mkunguni mbele ya Ngome, f/16 na sehemu 1 ya 500 ya sekunde, ndiyo kasi iliyo karibu na 400. Ukiingia kichochoroni mwanga huohuo unaweza kushuka mara 30 na zaidi, kwa hiyo usiibebe kanuni hiyo ndani bila kufikiri.

Kulenga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na katika hili kamera kuukuu ya kulenga kwa mkono haina upungufu wowote. Lenzi ya mm 35 kwenye kamera ya filamu, ukiifunga f/8 na kuiweka umbali wa mita 3, kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7 kitaonekana vizuri. Hicho ndicho kichochoro chenyewe. Huna haja ya kugusa kitu punda akitokea kwenye kona. Baadhi ya kamera ndogo za dijitali, kama Ricoh GR, zina mpangilio wa kuweka umbali mapema namna hiyohiyo. Lenzi ndefu za kuvuta mtu kutoka mbali ziache nyumbani. Mtu akigundua umemchungulia kutoka mwisho wa njia, ana haki ya kukasirika.

Kuhusu sauti, kamera nyingi za dijitali za leo hupiga bila kutoa mlio wowote, na wengi huona hiyo ni faida kubwa. Mimi huacha mlio usikike. Anayesikia "chk" anajua kimefanyika nini na anaweza kugeuka kuniuliza. Isitoshe, shata hiyo ya kimyakimya hupinda vitu vinavyokwenda mbio, na chini ya taa za dukani huacha mistari katika picha.

Usiku sina mjadala. Wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, watu wanapojaa uwanja wa Msikiti Riyadha, au usiku wa Ramadhani maduka yakiwa wazi, filamu ya ISO 400 hukufikisha ukingoni. Unaweza kuipiga kama ISO 1600 na kuiosha kwa muda mrefu zaidi, ukapata picha yenye chembe nzito na vivuli vilivyokufa. Dijitali kwa ISO 6400 itafanya kazi bila taabu, na hutahitaji flashi ya kuwapofusha watu walio katika dhikri.

Basi filamu ni ya nini? Ni ya wale waliokwisha kukubali. Nikienda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, au nikikaa barazani na wazee ninaowafahamu, huchukua kamera ya filamu, na kazi hubadilika. Hakuna kioo cha kutazama kila baada ya kubonyeza, kwa hiyo macho yangu yanabaki kwa fundi, naye anaendelea kupiga kalafati, kuziba nafasi za mbao, huku tukizungumza. Picha 36 zikiisha zimeisha. Nimeona pia kwamba wazee huitambua ile kamera. Walikua wakienda studio kukaa mbele ya lenzi kwa nia, wamevaa vizuri, na marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio hapa Lamu, aliwatengenezea wengi picha za kukata na kubandika ambazo hakuna kompyuta iliyohusika. Kwao kupigwa picha ni jambo la watu wawili. Filamu inanirudisha kwenye adabu hiyo.

Gharama yake uijue kabla. Kila mkanda unanunuliwa, unaoshwa, unaskaniwa, na ukipiga kila wiki, matumizi ya mwaka yatakununulia kamera ya dijitali ya mtumba. Filamu ya rangi huoshwa kwa dawa za C-41 katika joto la karibu nyuzi 38, na kosa la nusu nyuzi hubadilisha rangi. Mimi huituma nje ya kisiwa. Nyeusi na nyeupe naiosha nyumbani. Shida ni kwamba vipimo vya viwandani vimeandikwa kwa maji ya nyuzi 20, na maji yetu ya mfereji hayajawahi kuwa baridi hivyo. Nanunua barafu ile ya wavuvi, naweka chupa za dawa ndani ya beseni la maji na barafu mpaka zishuke. Filamu ya Ilford HP5 Plus kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inataka dakika 13 kwa nyuzi 20. Ikikushinda kushusha chini ya 24, pungumza hadi dakika 9 hivi. Usitumie dawa kali bila kuizimua katika joto letu, kwa sababu muda unakuwa mfupi mno na filamu inaoshwa mabaka mabaka. Maji ya kusuuzia nayo yasiachane sana na joto la dawa.

Iwe filamu au dijitali, toa picha kwenye karatasi na uirudishe kwa mwenyewe. Wengi huahidi, wachache hurudi. Fundi niliyempelekea picha yake ameitundika karakanani, na tangu siku hiyo sijawahi kuulizwa pale nimekuja kufanya nini.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na ukungu huota ndani ya lenzi zilizofungiwa kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Weka lenzi kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na uzitumie mara kwa mara. Filamu zikae kwenye friji, lakini mkanda ukiutoa usiufungue papo hapo. Uache saa chache upate joto la chumba, la sivyo umande utatanda juu yake. Ukisafiri kupitia viwanja vikubwa vya ndege, omba filamu zikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za ukaguzi za CT, zenye eksirei kali, huziharibu, na usiziweke kamwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Ukiniuliza ununue nini kwanza, nitakwambia dijitali ndogo yenye lenzi moja isiyovuta, Ricoh GR au Fujifilm X100 ya mtumba ya toleo lolote. Kaa nayo mpaka watu wa mtaa wako wakuzoee. Filamu ije baadaye, na iwe kamera ya mitambo mitupu kama Pentax K1000, ambayo betri yake ni ya kipimo tu. Ikiisha, shata inaendelea kufanya kazi. Kabla hujatoa pesa, fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi kutoka nyuma, utafute nyuzinyuzi nyeupe za ukungu. Kisha fungua mgongo wa kamera uguse sponji nyeusi kwenye kingo. Ikinata kama lami, imekwisha kwa joto na itapitisha mwanga, ila hiyo isikukimbize: sponji mpya ni ya bei ndogo, na unaweza kuikata na kuibandika mwenyewe.