Mpango wa Taifa Huendeshwa Halmashauri: Ushauri kwa Maofisa Wapya wa Mipango ya Afya ya Umma

Maofisa wanaopangiwa kazi kwa mara ya kwanza katika mipango ya taifa ya afya, iwe ni malaria, kifua kikuu na ukoma, Ukimwi, chanjo, lishe au magonjwa yasiyopewa kipaumbele, kwa kawaida ni matabibu, wafamasia au wahitimu wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na wengi wao hufika wakiamini kwamba neno “taifa” lililo katika jina la mpango wao linawapa mamlaka nchi nzima. Baada ya miaka mingi katika kazi hii, jambo ambalo ningependa walielewe kabla ya lingine lolote ni kwamba ofisa wa mpango aliyeko wizarani hana muuguzi hata mmoja wa zahanati anayeweza kumwamuru. Muuguzi yule ni mtumishi wa halmashauri. Anasimamiwa na Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ambaye yuko chini ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambaye naye anawajibika kwa Mkurugenzi, na mstari huo wote unaishia kwenye ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Wizara ya Afya hutunga sera, hutoa miongozo, huweka viwango na kufuatilia ubora, lakini kazi yenyewe hufanywa na watu wa halmashauri 184 zilizomo katika mikoa 26 ya Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake na mipango yake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, na ni aibu kwa ofisa wa mpango kuandaa ramani ya “taifa” bila kueleza kama Unguja na Pemba zimo au hazimo.

Kutokana na hali hiyo, sehemu kubwa ya kazi yenu itakuwa ni barua. Barua ya kuita mafunzo hutoka kwa Katibu Mkuu wa Afya kwenda TAMISEMI, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na mgeni akiiona safari hiyo huiita urasimu na kuchukua simu ili amtafute mratibu wa wilaya moja kwa moja. Simu inafaa kwa kuuliza habari. Lakini mratibu anayeondoka kituoni kwa sababu ya simu yako, bila Mkurugenzi wake kujua, ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza, si wewe, na ukimfanyia hivyo mara mbili hatapokea tena simu yako hata siku ya dharura ya kweli. Zaidi ya hapo, katika halmashauri zenye upungufu wa watumishi, mratibu wa chanjo aweza kuwa ndiye huyo huyo mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, na siku nyingine ndiye anayekaimu nafasi ya Mganga Mkuu. Mipango mitatu ikiita mafunzo katika wiki moja, kila mmoja kwa nia njema, inakuwa imemng’oa mtu mmoja katika kazi tatu. Ombeni kalenda ya shughuli za halmashauri kabla ya kupanga tarehe zenu. Ni karatasi moja tu, na ni wachache wanaoiomba.

Fedha nazo zina majira yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, na halmashauri huandaa mipango yao kabambe ya afya miezi kadhaa kabla ya hapo, baada ya Hazina kutoa mwongozo wa bajeti. Afua, yaani hatua ya kuzuia au kutibu ugonjwa, isiyoingizwa katika mpango wa halmashauri wakati huo haitakuwa na fedha mwaka ujao, hata ikiwa imepitishwa na kikao cha kitaalamu cha ngazi ya juu kiasi gani. Nimeona miongozo mizuri sana ikizinduliwa mwezi Mei, kwa hotuba na fulana, wakati mipango ya halmashauri imekwisha kufungwa. Ikakaa makabatini kwa miezi kumi na minne. Tena, tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma, ambako kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wananchi ndani yake, huamua matumizi kwa kufuata mpango wa kituo. Hilo lilibadili mambo kuliko wengi wa makao makuu walivyotambua. Siku hizi ofisa anayetaka jokofu la chanjo litengenezwe au huduma ya mkoba, yaani ya kuwafuata watu walipo, iende kitongoji cha mbali hana budi kujua jinsi Mganga Mfawidhi anavyoandika mpango wake, kwa kuwa ndiko uamuzi ulikohamia.

Sasa nije kwenye takwimu, ambako nitakaa zaidi, maana ndiko ofisa mpya anakoharibikiwa bila kujua.

Kiwango cha uchanjaji ni hesabu ya sehemu: juu kuna watoto waliochanjwa, chini kuna watoto waliokadiriwa kuwepo. Idadi ya juu hutoka katika vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, na wote huishughulikia hiyo, huikagua na kuisahihisha. Idadi ya chini hutoka katika makadirio yanayotokana na sensa, na kadiri sensa inavyozidi kuwa ya zamani ndivyo makadirio yanavyozidi kuachana na hali halisi, hasa wilayani ambako watu huhamia machimboni, mashambani au pembezoni mwa miji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 44.9, ile ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Katikati ya sensa hizo mbili zipo halmashauri zilizokuwa zikiripoti asilimia 110 au 120 mwaka hadi mwaka na kupongezwa, na nyingine zilizokuwa zikiripoti asilimia 70 na kukaripiwa, ilhali tofauti kubwa ilikuwa katika makadirio ya chini. Mwaka 2022, baada ya Malawi kutangaza mgonjwa wa polio mwezi Februari, tulianza kampeni ya nyumba kwa nyumba katika mikoa inayopakana nayo, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, kisha ikaenda nchi nzima. Na idadi ya watoto waliochanjwa katika kampeni ya kitaifa ikazidi idadi ya walengwa. Ripoti ya namna hiyo haisemi kwamba hakuna mtoto aliyeachwa. Inasema tu kwamba hatukujua watoto walikuwa wangapi, na kijiji kizima chaweza kuachwa ndani ya asilimia 105 bila yeyote kushtuka.

Kwa hiyo msiipokee asilimia bila kuuliza idadi ya chini imetoka wapi. Tazameni pia takwimu ambazo haziitegemei: kama watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya penta, inayokinga magonjwa matano, ni 400 na waliopata ya tatu ni 310, basi mnajua kwa hakika kwamba wapo tisini walioanza wasimalize, hata kama hamjui walengwa ni wangapi, na majina yao yamo katika rejesta ya kituo. Hapo ndipo kazi huanzia.

Wastani nao hudanganya. Upimaji wa kitaifa wa vimelea vya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulionyesha takribani asilimia 18 mwaka 2007/08, ukashuka hadi asilimia 7.3 mwaka 2017, kisha ukawa kama asilimia 8 mwaka 2022. Ni mafanikio ya kweli, na waliohangaika na vyandarua, vipimo vya haraka na dawa mseto wanastahili sifa yao. Lakini katika upimaji huo wa mwisho Tabora ilikuwa juu ya asilimia 20 wakati Kilimanjaro, Arusha na Manyara zilikuwa chini ya asilimia 1. Asilimia 8 haiielezi Tabora wala Kilimanjaro. Ndiyo sababu Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria uliacha kuipa nchi nzima afua zile zile, ukazigawa halmashauri kwa kiwango cha maambukizi, na kila kundi likapewa afua zake. Ofisa mpya anayerithi mgawanyo huo asiuone kama ramani ya kupamba ukuta wa ofisi, kwani kila rangi iliyomo inamaanisha fedha zimeelekezwa upande mmoja na kunyimwa upande mwingine, na madiwani wa upande ulionyimwa watakuja kuuliza.

Anayetaka kuona takwimu zinavyopaswa kufanya kazi na asome historia ya Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, aliyefanya kazi na shirikisho la kimataifa la kupambana na kifua kikuu, aliujenga pamoja na madaktari na waratibu wa Kitanzania, na muundo uliopatikana hapa ndio uliochukuliwa baadaye na Shirika la Afya Duniani kuwa msingi wa mkakati wake wa miaka ya 1990 kwa dunia nzima. Ufundi wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutimiza. Wagonjwa walioandikishwa katika robo moja ya mwaka huhesabiwa kuwa kundi moja, na mratibu wa wilaya hulifuatilia kundi hilo mpaka kila mmoja apate jibu lake: amepona, amemaliza matibabu, amefariki, matibabu yameshindikana, amehamishwa, au amepotea. Jumla ya majibu lazima ilingane na idadi ya walioandikishwa. Hakuna mahali pa kumficha mgonjwa, wala hakuna makadirio ya sensa ya kujificha nyuma yake. Mafunzo mengi ya usimamizi niliyohudhuria hotelini hayakunipa kitu kinachozidi jedwali lile moja la hesabu.

Hata hivyo mfumo huo nao una upofu wake, kwa kuwa humfuata aliyekwisha kuandikishwa. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipokwenda kupima watu vijijini na mitaani, ulikuta kifua kikuu kwa kiwango kikubwa kuliko kilivyokuwa kimekadiriwa. Mpango uliokuwa na matokeo mazuri ya tiba ukagundua kwamba wagonjwa wengi hawakuwahi kuugusa mlango wake.

Usimamizi shirikishi, yaani zile ziara za kutembelea vituo, una sifa mbaya kwa wanaotembelewa, na mara nyingi sifa hiyo ni ya haki. Magari mawili hufika, watu saba hushuka, kitini cha maswali hujazwa, kitabu cha wageni husainiwa, na mhudumu aliyeacha foleni ya wagonjwa ili awajibu haelezwi chochote. Ziara yenye maana huanza kwa kusoma kilichoandikwa ziara iliyopita, na huchukua kituo kimoja kwa siku badala ya vitano. Chukueni taarifa ya mwezi mmoja iliyoko kwenye mfumo wa kompyuta, muihesabu upya kutoka kwenye rejesta pamoja na mhudumu mwenyewe, tofauti ikionekana mtafute chanzo chake pamoja naye, na kabla ya kuondoka mwandike mambo mawili au matatu yatakayorekebishwa, nani atayarekebisha, na nini mtakileta ninyi kutoka juu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo mhudumu atakalowauliza mkirudi.

Kuhusu dawa na vifaa nitasema kwa ufupi: hesabuni kwa miezi iliyobaki ya matumizi, si kwa idadi ya maboksi, soma tarehe ya kuisha muda kila unapoingia stoo, na mjenge uhusiano na watu wa Bohari ya Dawa kabla hamjawahitaji.

Elimu kwa umma hupewa fedha mwishoni na kulaumiwa mwanzoni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa kutumia vikundi vya kusikiliza redio vijijini, vijitabu na viongozi wa vikundi waliofundishwa kabla, na watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka kwa sababu walijadili wenyewe kisha wakaamua wenyewe. Linganisheni na matangazo yetu ya siku hizi ya sekunde thelathini. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, maswali yaliyoletwa na wazazi, likiwamo lile la kwamba chanjo ingewafanya mabinti wasizae, yalijibiwa vizuri pale ambapo mwalimu, mhudumu wa zahanati na viongozi wa dini walikuwa wamekwisha kukaa na wazazi kabla ya siku ya chanjo. Jibu likija baada ya uvumi, hata likiwa sahihi, huonekana kama utetezi.

Mwisho ni wadau wa maendeleo. Wana fedha, wana utaalamu, na wengi wao ni watu wa kazi. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na ugonjwa hauna. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mipango ya nchi nyingi za Afrika ilijikuta ikiuliza maswali ambayo yalipaswa kuulizwa siku ya kusaini: karani huyu wa takwimu analipwa na nani, sampuli husafirishwa kwa mafuta ya nani, leseni ya mfumo huu hulipiwa kutoka kifungu kipi. Ofisa mpya anaweza kuyajibu hayo katika miezi yake ya kwanza bila ruhusa ya mtu yeyote, kwa kutengeneza jedwali la kila kazi ya mpango wake likiwa na safu za anayeifanya, anayemlipa, tarehe ambayo malipo hayo yatakoma, na kifungu cha bajeti ya Serikali kitakachoipokea. Safu ya mwisho itakuwa na nafasi nyingi tupu. Pelekeni jedwali hilo kwa Meneja wa Mpango mwezi Oktoba, kabla mwongozo wa bajeti haujatoka, kwa sababu mwezi Machi halitamsaidia tena.